Kukimbia Mbele ya Baba Mkwe

Mtu akiniuliza nilijifunza wapi kukimbia, husema nilifundishwa na baba mkwe wangu, na wenye asili ya Ileje huanza kucheka kabla sijamaliza. Wanajua kwamba kwa Wandali wa zamani mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mkwe hutoka barabarani, huchutama majanini akiwa amegeuza uso, na kungoja mzee apite. Sasa mtu wa namna hiyo atakufundishaje mbio? Ndiyo habari ninayotaka kuiandika, maana nimechoka kuisimulia nusunusu kwenye harusi za watu, nikifika patamu muziki unafunguliwa.

Mimi ni Mnamwanga wa Tunduma. Nilikulia kwenye kelele za malori, shangazi yangu alikuwa ng'ambo, Nakonde ya Zambia, na utotoni tulivuka mpaka kwenda kula kwake mchana na kurudi kabla ya jioni. Kwetu heshima ipo, lakini baba mkwe unampigia magoti, unamsalimia, maisha yanaendelea. Nilipoolewa na mwalimu mwenzangu nikahamia Itaka, ambako wazazi wake, Wandali wa Ileje, walikuwa wamefuata ardhi ya kahawa miaka mingi nyuma. Siku ya kwanza mama mkwe alinikalisha jikoni akanipa sheria.

"Baba yenu ni mtu wa zamani," alisema. "Wenzake wote wameshayaacha mambo haya. Yeye hataki. Umvumilie tu, mwanangu."

Nikasema nitamvumilia. Wakati huo nilidhani ni jambo la wiki mbili tatu, kisha watu wazoeane.

Miaka minne niliishi uwanja mmoja na yule mzee bila kuijua sura yake. Nilimjua kwa mabuti yake meusi ya mpira, moja lina kiraka chekundu cha tyubu ya baiskeli, na kwa kikohozi. Hakuwa mgonjwa. Alikohoa kwa makusudi kila alipokaribia kona, nipate nafasi ya kujisitiri. Nikikisikia, naacha ninachokifanya, naingia nyuma ya jiko, hata kama maharage yanaungua. Na mengi yaliungua.

Mwaka wa nne nilipata mimba. Mimba ilipofika mwezi wa nane kichwa kikaanza kuniuma, nikawa naona vimulimuli mchana kweupe, miguu ikajaa. Nilipelekwa hospitali Vwawa nikiwa nimelazwa nyuma ya pikapu ya mnunuzi wa kahawa. Mimi nilipona. Mtoto, wa kiume, hakupona. Alizikwa Itaka nikiwa bado kitandani.

Siku ya kuruhusiwa, daktari, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliniambia mbele ya mume wangu: "Presha yako iko juu hata bila mimba. Uzito nao umezidi. Ukibeba nyingine hivi hivi, mimi sikuahidi kitu, wewe wala mtoto. Punguza chumvi, punguza mafuta, meza dawa. Anza kutembea kila siku, ukizoea ukimbie taratibu. Rudi baada ya miezi sita nikupime. Hapo ndipo tutazungumza habari ya mtoto."

Nilitaka mtoto. Naandika hivyo bila kuzunguka. Wanawake wa rika langu pale kijijini walikuwa Mama Fulani na Mama Fulani, mimi nilikuwa "mwalimu," na kila nilipoitwa hivyo na mtu nisiyemfundishia mwanawe nilisikia kitu kinanichoma. Miezi sita ilikuwa yote niliyokuwa nayo, nikaishika kwa mikono miwili.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Tunduma kutafuta raba za mtumba. Niliikuta pea nzuri ya bluu kwa Mzambia mmoja aliyepanga viatu juu ya turubai. Nikaijaribu, ikanikaa vizuri kabisa, nikataka kuondoka nayo. Akanizuia.

"Bamayo, sasa hivi ni asubuhi," alisema, akiniita mama kwa Kibemba. "Kiatu cha kukimbia nunua jioni, mguu ukiwa umeshatembea, umevimba kidogo. Hicho kitakung'oa kucha. Chukua kikubwa zaidi."

Nilifikiri ananiuzia kile kilichomshinda kuuza. Nikachukua kikubwa kwa kununa, na hadi leo kila anayeniomba ushauri wa viatu namwambia maneno ya yule bwana.

Suruali ya michezo nilikuwa nayo tangu chuo cha ualimu, lakini Itaka ya miaka ile mke wa watu hakuonekana barabarani na suruali. Nikafunga kitenge juu yake. Asubuhi ya kwanza nilitoka kukiwa na baridi ile ya Juni inayouma masikio, nikatembea hadi kanisani kama daktari alivyosema, kisha nikajiona nimezoea. Nikageuza, nikaanza kukimbia. Sikuwa nimefika mashine ya kusaga wanawake watatu wakatoka majumbani mwao, mikono kichwani.

"Nani amekufa?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kijijini mtu mzima hakimbii alfajiri bure. Anayekimbia amebeba msiba. Mmoja alikuwa ameshaanza kulia. Mwingine alijifunga kanga kiunoni akanifuata mbio, akiwa na upawa mkononi, tukakimbia wawili hadi nikapata pumzi ya kumwambia kwamba hakuna aliyekufa, nafanya mazoezi.

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kupunguza mwili."

Alinitazama toka juu mpaka chini. "Mwili umekukosea nini?" aliuliza, akarudi kwenye uji wake amekasirika. Ilichukua wiki nzima kijiji kuamini kwamba mimi si tarumbeta ya misiba.

Lakini wanawake hawakuwa taabu yangu kubwa. Taabu yangu ilikuwa ng'ombe wa baba mkwe. Alikuwa na mmoja wa maziwa, aliyefungwa kwenye kishamba cha bondeni, na mzee alitoka alfajiri kumkamua, kisha akapeleka maziwa kwa mteja wake jirani na mashine. Njia yake na njia yangu ilikuwa moja, kwenda na kurudi. Kila asubuhi tulikutana mara tatu: kwenye mashine, kwenye kona ya kanisa, na karibu na daraja la magogo. Nimepata mwendo, nimeanza kujisikia mwanariadha, mara kikohozi. Naruka pembeni, nachutama kwenye majani yenye umande, nageuza uso, nangoja. Mzee hana haraka. Mabuti yanakuja, yanapita, yanakwenda. Jasho linageuka barafu mgongoni. Nasimama, nakimbia, nafika kona, kikohozi.

Mimi nina hasira za karibu, wanaonifahamu wanajua. Baada ya wiki tatu nilimwambia mume wangu, "Mwambie baba yako achague njia nyingine, au mimi nichague mume mwingine."

Alicheka hadi akakaa chini. "Barabara ile mzee aliifyeka mwenyewe walipohamia hapa. Wewe ndiye mgeni."

Sikucheka. Nilimgeuzia mgongo siku mbili. Nadhani siku ya tatu alikwenda kuzungumza na mama yake, maana wiki iliyofuata mabuti hayakuonekana tena barabarani. Mzee alikuwa ameanza kupita ndani ya mashamba ya kahawa na ndoo yake ya maziwa, akilowa umande hadi magotini, ili mimi nipite. Je, niliona haya? Hata kidogo. Niliona nimeshinda.

Basi nikaachia miguu. Barabara yote ilikuwa yangu, kutoka kwetu hadi darajani na kurudi, bila kusimama, kila siku, Jumapili kabla ya ibada nayo ndani. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, nikihema hadi naona nyota, kwa sababu nilikuwa nimepiga hesabu ya kijinga: kama kukimbia kidogo kunasaidia, kukimbia sana kutaniletea mtoto upesi. Mteremko wa kwenda darajani ndio nilioupenda kuliko yote. Niliushuka kwa hatua ndefu, nikitua kwa visigino, kitenge kikipepea.

Wiki ya tatu ugoko wa kulia ukaanza kuniuma, upande wa ndani, mstari mwembamba juu ya mfupa. Ukianza kukimbia unauma, ukiendelea unanyamaza, ukipoa unarudi mara mbili. Sikumwambia mtu. Nilijifunga kitambaa nikaendelea. Ikafika siku nashindwa kusimama darasani, nafundisha hesabu nimekaa, na watoto wanatazamana. Mwisho wa mwezi nilikwenda zahanati kupima, nikitegemea habari njema kwa jasho lote lile. Muuguzi alipima, akapima tena, akaniuliza nalala saa ngapi na nakula nini. Nilikuwa nalala kidogo na nimeacha karibu kila kitu isipokuwa chai. Presha haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda kidogo.

Miezi miwili na nusu ilikuwa imekwisha kwenye ile sita. Nilirudi nyumbani nikaingia jikoni, nikafunga mlango nikalia, nikausingizia moshi.

Mama mkwe ndiye aliyenigundua. Nilikuwa nabeba ndoo ya maji, akasema kutoka kibarazani, "Unachechemea." Nikakana. Akaja, akanivua kile kitambaa mguuni, akabonyeza ugoko kwa kidole gumba, nikapiga kelele. Jioni alirudi jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, akakunja mikono.

"Baba yenu ametuma maneno," alisema. "Anasema alikuwa anakusikia toka kwenye kahawa. Anasema mguu wako wa kulia unapiga chini kwa kishindo kuliko wa kushoto. Anasema unapita kama mtu anayefukuzwa na nyuki."

Nilikasirika vibaya sana. Alinipisha njia, kumbe alikuwa ananisikiliza kichakani! Lakini mama mkwe alikuwa bado hajamaliza.

Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari za ujana wa mzee. Alitoka Ileje na kundi la vijana kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Kopabeti, Zambia, na sehemu kubwa ya njia waliikata kwa miguu, mizigo kichwani. Waliotoka mbio siku ya kwanza, wakiwacheka wenzao, walipitwa siku ya nne wamekaa chini ya mti, miguu imejaa. Waliokwenda wakipumzika ndio waliofika. Mzee alikwenda na kurudi hivyo mara kadhaa, na kitu alichokijua duniani kuliko kahawa ni mguu wa binadamu.

"Anasema siku kumi usikimbie kabisa," mama mkwe alisema. "Tembea tu, tena kwenye tambarare. Mfupa umechoka, na mfupa hauelewi habari ya haraka yako."

"Mama, nina miezi mitatu na nusu tu."

"Nilimwambia. Anasema siku kumi ni nafuu kuliko miezi mitatu."

Ndivyo mafunzo yangu yalivyoanza. Kila jioni mama mkwe alikuja na kitu. Siku moja alikuja na mfuko wa chumvi ya kijivu yenye mchanga, chumvi ya Ivuna, ambayo mzee aliiagiza kwa mfugaji mmoja aliyepandisha ng'ombe mnadani kutoka bonde la Rukwa. Nikashtuka, maana daktari alinikataza chumvi. "Ya miguu, si ya mdomo," mama mkwe alisema. "Maji ya uvuguvugu, uloweke jioni. Na amesema nikutazame mpaka uyamwage." Akakaa akanitazama kweli, na maji yalipopoa akayamwaga mwenyewe asije akaniacha na kishawishi cha kuyaonja.

Siku nyingine ilikuwa habari ya kukanda. Mafuta ya alizeti kidogo, kutoka kifundo kwenda juu, nyama ya nyuma ya mguu, si mfupa. Anayesugua mfupa unaouma anauchokoza. Siku nyingine, kwamba nikimaliza mazoezi nisikae chini ghafla, nitembee mpaka pumzi irudi mahali pake. Mteremko ushukwe kwa hatua fupi, magoti yamelegea, kwa kuwa mlima unachosha tu lakini mteremko ndio unaovunja; hilo mtu wa milima ya Ileje hafundishwi. Nikimaliza nile kabla saa moja haijapita, uji wa ulezi wenye karanga, wala nisijidanganye kwamba njaa ni dawa. Nilale mapema. Nikimbie leo, kesho nipumzike, kwa sababu nguvu haiji siku ya kukimbia, inakuja siku ya kulala.

"Na mimi nasema kula nyama," mama mkwe aliongeza.

"Hiyo ni ya baba au ya kwako?"

"Ya kwangu. Ya baba yenu ni ile ya uji. Kula zote."

Ilifika mahali sikujua tena lipi la mzee na lipi la mama, na nadhani na yeye alishapoteza hesabu. Nilianza kuyangoja maneno yale. Mchana, nikiwa darasani, nilijikuta nawaza leo mzee atasema nini.

Siku ya kumi na moja ujumbe ulikuwa mfupi. "Anasema kesho uanze. Uimbe. Ukishindwa kuimba, umekwenda kasi mno, upunguze."

Basi nikatoka naimba mapambio kwa sauti ya chini, kitenge kiunoni, najisikia mjinga. Nafika mashine ya kusaga, nasikia kikohozi.

Sikuamini. Mzee amerudi barabarani! Nikaruka pembeni nikachutama, damu inachemka. Nikawaza, haya ndiyo malipo ya kumsikiliza mtu. Mabuti yakaja taratibu, yakapita taratibu kuliko zamani, yakaenda. Nikasimama nikakimbia. Kona ya kanisa, kikohozi. Darajani, kikohozi. Nilirudi nyumbani nimenuna, lakini ilipofika jioni niligundua ugoko hauumi.

Asubuhi ya tatu ya mbio, nikiwa nimechutama karibu na daraja, niliona kitu kutoka pembeni ya jicho, chini, mahali ninaporuhusiwa kuona. Mzee hakuwa na ndoo. Nikakumbuka kwamba wiki nzima hatukuwa tumepata maziwa nyumbani. Ng'ombe alikuwa ameacha kutoa maziwa, anangoja kuzaa. Hakukuwa na kukamua, hakukuwa na mteja, hakukuwa na safari yoyote ya alfajiri.

Jioni nilimuuliza mama mkwe. "Baba siku hizi anakwenda wapi asubuhi?"

Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. "Anakwenda kupita."

"Kupita wapi?"

"Kupita tu, mwanangu. Anasema wewe hujui kupumzika mpaka uone mkwe."

Niliacha nilichokuwa nakifanya. Yule mzee, mwenye miaka yake sabini na ushee, alikuwa anaamka kwenye baridi ile, anavaa mabuti, anakwenda kusimama kwenye mashine ya kusaga akingoja anisikie naimba, ili akohoe, ili nichutame, ili moyo wangu utulie, kisha anakata njia ya mkato ndani ya kahawa kuniwahi mbele. Alikuwa amegundua kile ambacho mimi na ujuzi wangu wa chuo hatukukigundua: kwamba wiki zile za mwanzo, nilipokuwa nasimamishwa mara tatu na adabu, ndizo zilizokuwa zinanijenga, na aliponipisha kwa huruma nikajiumiza. Akaamua kurudi. Na mimi kila asubuhi nilikuwa nikimnunia majanini.

Kuanzia hapo nilianza kumsikiliza vizuri. Niligundua kwamba nikiwa nahema sana hapiti. Anasimama hatua chache kabla, anashika tawi la kahawa, anakagua majani kwa muda mrefu kama bwana shamba, na pumzi yangu ikishatulia ndipo anapita. Siku za joto alikawia zaidi. Nikinyanyuka kwa haraka nikapata kizunguzungu, jioni inakuja amri: asimame taratibu, mkono mmoja kwenye goti. Baada ya majuma kadhaa kikohozi cha kwenye mashine kilisogea mbele, hadi kwenye migomba ya mzee wa kanisa. Kisha cha kona kikatoweka kabisa. Vikabaki viwili, halafu kimoja, na mimi sasa nakimbia naimba kutoka nyumbani hadi darajani, sina kishindo mguuni, na najua pale mwisho kuna mtu.

Nakiri kwamba nilianza kumpenda mzee yule. Si mapenzi ya kusemwa. Kwetu mtu hasemi hivyo kuhusu baba mkwe. Lakini nikiwa nimechutama pale darajani, nimemgeuzia mgongo, nilikuwa nasikia raha ya mtoto aliyefika nyumbani, na nilisikitika mabuti yalipokwisha kupita.

Miezi sita ilipotimia tulikwenda Vwawa, mimi na mume wangu. Daktari alinifunga kile kipimo mkononi, akapuliza, akasikiliza, akaandika, akasema tungoje kidogo apime tena. Zile dakika tano nilizikaa nikiwa nimefumba macho. Akapima tena, kisha akavua miwani.

"Umefanya nini?" aliuliza.

"Nakimbia, daktari. Na nachutama."

Hakuelewa, na mume wangu alishaanza kucheka, hivyo hakuna aliyemweleza. Alisema presha imeshuka mahali anapopataka, uzito nao unakwenda vizuri, nibadilishe dawa moja, na tukitaka tujaribu. Kwenye basi la kurudi mume wangu alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo watu wa Itaka hawalifanyi, na kondakta akajifanya anatazama nje.

Nilipata mimba mwaka uliofuata. Daktari aliniambia niache mbio, nitembee tu, na nije kila wiki mbili. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kumweleza mtu yeyote kikamilifu. Kila kichwa kilipouma kidogo nilijua mwisho umefika. Mimba ilipoingia mwezi wa nane nililala Vwawa, karibu na hospitali, kwa dada mmoja wa kanisani, nikihesabu siku kwa alama za kalamu nyuma ya daftari la maandalio. Mwishoni presha ilianza kupanda tena na daktari hakutaka kungoja. Alinipasua Alhamisi asubuhi. Nikasikia sauti ya mtoto kabla sijaambiwa ni wa kike, na nikawauliza wale wauguzi mara mbili kama ile sauti ni ya mtoto wangu au wa jirani.

Tulirudi Itaka baada ya siku kumi. Mimi nilikuwa bado natembea nimeinama kwa sababu ya kidonda. Asubuhi ya pili mama mkwe alimfunga mtoto nguo, akamtoa nje kuota jua, na nikiwa jikoni, nimekaa nyuma ya ukuta wa fito na udongo ambao ulikuwa umeshaanza kuachia nyufa, nikasikia anamkabidhi kwa mtu. Kigoda kikalia. Mama mkwe akaenda zake.

Nilijua ni nani. Alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta, pengine hatua mbili kutoka kwangu, na alijua nipo, kwa sababu moto ulikuwa unawaka na kuni hazijitii zenyewe. Kisha akaanza kuzungumza na mtoto, taratibu, kwa Kiswahili, wakati nyumba ile yote inajua kwamba na wajukuu wengine alizungumza Kindali.

"Karibu, mke wangu," alimwambia, kama mababu wanavyowatania wajukuu wa kike. "Umekawia. Mimi nimeona njia nyingi, lakini ya kwako ilikuwa ndefu. Ulikuwa mbali sana. Mama yako amekufuata kwa miguu."

Nilikuwa nimeshika upawa, na uji ulikuwa unamwagikia motoni.

"Nilikuwa naogopa," akaendelea. "Kila asubuhi nilikuwa naogopa. Nikimsikia anaimba, najua yupo. Nisipomsikia, moyo wangu mimi ndio unakimbia. Usimwambie mtu."

Sikuweza kujizuia. Nililia kwa sauti, kilio cha mtu mzima, nikiwa nimeshika tumbo kwa sababu kidonda kilivuta. Upande wa pili hakuondoka. Alingoja mpaka kilio kikapungua, kama alivyozoea kuningoja.

"Mwambie mama yako asilie hivyo, atafungua nyuzi," alimwambia mtoto. "Mwambie asiguse viatu vile mpaka daktari aseme. Na akianza, aanze na kutembea."

Nilifuta uso kwa kitenge. Mwaka wa saba ulikuwa umeingia tangu nifike nyumba ile, na sikuwa nimewahi kumwelekezea yule mzee hata neno moja. Mila haikuruhusu na mimi sikuwahi kuona pa kuipindishia. Nikaweka upawa chini, nikasogeza mdomo kwenye ufa wa ukuta.

"Nimesikia, baba," nikasema.

Nikadhani nimeharibu kila kitu. Kisha nikamsikia anamwinua mtoto, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Umesikia?" alimwambia. "Mama yako ameitika."